Siku ya Tatu Mpe Jembe: Jembe la Nani?

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hakuna aliyepita shule ya msingi asiyeijua methali hii. Tumeiandikia insha, tumeichorea picha, na Mwalimu Nyerere mwenyewe aliitumia katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962 kuonyesha kwamba Afrika ya jadi haikuwa na mahali pa mvivu wala mnyonyaji. Haya, sawa. Lakini mimi nina swali moja dogo, na makala hii yote ni swali hilo hilo nikiligeuzageuza. Jembe analopewa yule mgeni ni la nani? Na shamba analokwenda kulima, je? Na mtama ukishavunwa, unaingia ghala la nani?

Liulize swali hili kijiweni uone watakavyokucheka. "We naye! Jembe ni la kijiji." Hakuna jembe la kijiji, ndugu yangu. Kila jembe lina mpini, na kila mpini una mkono uliouchonga na mkono mwingine unaoushika, na mara nyingi mikono hiyo si ya mtu mmoja. Basi nadai hivi: hadithi yoyote ya kijiji isiyojua jembe ni la nani ni hadithi ya uongo, hata kama lugha yake ni tamu kama asali ya Tabora. Na uongo huo una gharama. Huku kwetu Kanda ya Ziwa, maneno matamu juu ya mali ya mkulima yameshawatoa watu kwenye nyumba zao, tena zaidi ya mara moja.

KIJIJI CHA KALENDA

Nimesoma hadithi nyingi za vijana wenzangu, za kwenye madaftari na zilizochapwa. Zinazohusu kijiji zinafanana kama mapacha. Mhusika mkuu yuko Mwanza mjini au Dar, amechoshwa na kelele, mshiko umekata, demu amemkimbia. Anapanda basi, anafika kwa bibi. Bibi anamchinjia kuku. Mwezi unawaka. Asubuhi watu wanalima pamoja wakiimba. Mhusika anagundua kwamba mjini ni ubinafsi na kijijini ni upendo. Mwisho wa hadithi.

Kijiji hiki mimi nakiita kijiji cha kalenda. Kinafanana na zile picha za kalenda zinazotundikwa dukani: nyasi zipo, ng'ombe wapo, mwanamke na mtungi wake yupo, ila hakuna mwenye kitu.

Tumchukue yule kuku. Mwandishi anampitisha mezani kwa sentensi moja, kama vile kuku alianguka toka mbinguni. Lakini katika nyumba nyingi za Usukumani kuku ni wa mama na ng'ombe ni wa baba. Bibi alipochinja kuku alitoa akiba yake, labda pesa yake ya chumvi na sabuni ya mwezi mzima. Ng'ombe asingeweza kumgusa, hata kama ndiye anayemkamua kila siku. Ng'ombe ni mpaka wanaume wakae. Yaani ndani ya kuku mmoja mna hadithi nzima ya nani anaweza kutoa nini bila kuomba ruhusa. Mwandishi wetu alikuwa nayo mkononi, akaila na ugali.

Najua wazo hili la kijiji kisicho na wenye mali lilikotoka. Kijitabu cha 1962 kilieleza kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na ardhi kama bidhaa ya kununua na kuuza. Alikuwa na haki ya kuitumia tu. Kwa sehemu ni kweli. Lakini sisi waandishi tuliinyoosha kauli hiyo mpaka ikawa "hakukuwa na changu wala chako". Haki ya kutumia nayo ni mali, bwana. Mwulize mkulima aliyepandwa mahindi na jirani ndani ya mstari wake wa katani. Hatakwambia ardhi ni ya wote. Atakwambia twende kwa mwenyekiti.

Tena ugonjwa huu si wetu peke yetu. Kule Java, Indonesia, Mmarekani mmoja, Clifford Geertz, aliandika kitabu mwaka 1963 akisema wanakijiji walikuwa wanagawana umaskini: watu wakizidi kujazana kwenye mashamba ya mpunga, kila mmoja anamegewa kazi kidogo na wali kidogo. Wazo zuri, likasifiwa dunia nzima. Watafiti waliomfuata wakaanza kuhesabu mashamba nyumba kwa nyumba, wakakuta wengine wana ardhi ya kutosha na wengine hawana hata kipande, wanaishi kwa kuvuna vya wenzao. Kugawana kulikuwepo. Ila wa kugawa alikuwa mmoja na wa kugawiwa alikuwa mwingine.

NGOMA YA JEMBE

Hapa Bujora, Kisesa, kilometa kama 20 kutoka Mwanza mjini kwenye barabara ya Musoma, tuna makumbusho ya Wasukuma. Alianzisha Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, na tangu mwaka 1968 watu wanakuja kutazama. Mwezi Juni kukiwa na Bulabo, Bagalu na Bagika wanashindana kwa ngoma hadi vumbi linaziba jua. Kinachowavutia wageni kuliko vyote ni bugobogobo, ngoma ya jembe. Vijana wanarusha majembe juu, wanayadaka, wanachimba chini kwa pigo moja. Mgeni anapiga picha anasema, "Tazama umoja wa Waafrika!"

Umoja upo, sikatai. Lakini bugobogobo ilizaliwa shambani, na shamba lile lilikuwa na mwenyewe. Kikundi cha vijana cha kulima kilikuwa na kiongozi wake, sheria zake na malipo yake. Aliyekiita ni mtu mwenye shamba kubwa kuliko mikono ya nyumba yake, mwenye mtama wa kupikia pombe na mnyama wa kuchinja. Maskini hakukiita kikundi. Maskini alikuwa ndani ya kikundi. Jua likizama vijana walikuwa wamekula nyama na kunywa, na mwenye shamba alikuwa na ekari zilizolimwa ambazo mwakani zingempa mtama wa kuwaita tena. Sisemi walinyonywa. Nasema wimbo wao ulikuwa na hesabu ndani yake, na mwandishi akichukua wimbo akaacha hesabu amechukua nusu ya ngoma.

Makumbusho yenyewe yanajua kusoma mali, ila kwa wakubwa. Jengo la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani zimo ngoma za himaya. Ngoma ya mtemi haikuwa ya mtemi kama mtu. Ilikuwa ya kiti. Mtemi alikufa, ngoma ikabaki. Na serikali ilipoufuta utemi mwanzoni mwa miaka ya 60, swali likawa gumu kweli: kiti hakipo, ngoma ni ya nani? Ndiyo maana mahali kama Bujora pana maana. Lakini kila nikitoka kwenye jengo lile nawaza jembe na jiwe la kusagia. Ngoma ina ukoo, ina jina la himaya, ina historia. Jembe lina "Wasukuma walilitumia kwa kilimo" basi. Wasukuma gani? Wakati jembe la chuma lilikuwa likitoka kwa wahunzi Warongo wa Buzinza, ng'ambo ya ghuba, likitembea kama fedha na kutolewa mahari. Jembe moja lingeweza kulima shamba na pia kumleta mke atakayelilima. Sijui chombo kingine chenye riwaya ndani yake kuliko hicho.

KITEREZA ALIHESABU

Kama unataka kuona mtu aliyeandika kijiji kwa macho ya mwenye mali, vuka maji uende Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Akakaa nayo. Baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina refu kama safari yake: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka 1981 mzee akafariki. Wewe unayelalamika kwamba mhariri amekaa na hadithi yako miezi sita, nakuomba uihesabu ile miaka 35 kisha unyamaze kidogo.

Vijana wengi wanaikimbia riwaya hii. "Ndefu, bwana. Haina stori. Anaeleza mpaka namna ya kutengeneza pombe ya ndizi." Hapo ndipo napotaka kugombana nao. Hebu tazama stori inavyoanza. Bugonoka hajapata mtoto, ndugu za mume wanasema maneno, na baba yake anamchukua binti yake kumrudisha nyumbani. Myombekere anakwenda ukweni kumwomba mke wake. Haambiwi "mapenzi yashinde". Anatozwa pombe. Sasa pombe ya ndizi haipatikani kwa kusema. Inataka ndizi, inataka mtumbwi wa kukamulia, inataka mitungi, inataka siku, inataka watu wa kusaidia, na kila anayesaidia leo atakuja kusaidiwa kesho. Maelezo yale marefu unayoyaruka ndiyo stori yenyewe. Mume anajifunza bei ya mke wake kwa mgongo wake mwenyewe, mtungi kwa mtungi. Ungekuwa wewe umeandika "akapika pombe, akampata mkewe," ungekuwa umefuta maudhui yote kwa sentensi moja.

Walimu wetu wametufundisha kutenga fani na maudhui kama wali na mchuzi. Kwa Kitereza huwezi. Fani yake ya kuhesabu ndiyo maudhui yake. Anaamini kwamba utu wa mtu uko kwenye vitu anavyodaiwa na anavyodai, na kwamba ndoa ni daftari linaloandikwa na koo mbili. Unaweza usikubaliane naye. Mimi mwenyewe naona kijiji chake kinapatana upesi mno. Kila deni linalipika, kila ugomvi una mtungi wa kuumaliza. Hapo naye anaanza kuingia kwenye kalenda. Lakini ni kalenda iliyojaa tarehe, si picha tupu.

KEZILAHABI ALIVUNJA MTUNGI

Mtungi ukaja kuvunjwa na Mkerewe mwingine. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, akafariki mwaka 2020, na katikati hapo akatuachia vijiji ambavyo hakuna anayetaka kuvitundika ukutani.

Tuanze na Rosa Mistika ya 1971. Tangu shuleni tunaulizwa swali lile lile: malezi, malezi, malezi. Rosa alilelewa kwa ukali, Rosa akaharibikiwa. Kila mtu anautazama mwili wa Rosa. Nani amemtazama mama yake, Regina? Zakaria anakunywa, Regina anahangaika na nyumba na shamba. Baba ana amri juu ya nyumba ambayo hailishi, na mama anailisha nyumba ambayo hana amri juu yake. Kabla ya kuwa riwaya ya malezi, ile ni riwaya ya jembe. Ukali wa Zakaria juu ya binti zake ni ukali wa mtu ambaye hana kitu kingine kilichobaki cha kumiliki. Jaribuni kuisoma tena kwa jicho hilo, halafu mniambie kama bado inahusu sketi fupi.

Kisha ikaja Dunia Uwanja wa Fujo, 1975. Tumaini anarithi, anatapanya, anajijenga upya akawa mtu wa mali, na siasa ya Ujamaa ikamkuta hapo juu. Mali inachukuliwa. Tumaini anamuua kiongozi, naye anahukumiwa kufa. Msomaji wa siku zile hakuweza kukosa kukumbuka Ismani, Iringa, ambako siku ya Krismasi mwaka 1971 mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, shambani kwake. Wahakiki wa zamani walimlaumu Kezilahabi kwamba amekata tamaa, hana mwelekeo, hakuonyesha tabaka gani lishinde. Mimi nadhani walikuwa wanamdai ilani wakati yeye aliwapa swali: mtu akinyang'anywa kitu alichokitolea jasho, na anayenyang'anya ana hoja nzuri, tufanyeje? Swali hilo halijajibiwa. Kila mgogoro wa shamba na mwekezaji, au mkulima na mfugaji, ni ukurasa mwingine wa riwaya ile.

Na Gamba la Nyoka ya 1979 ikaingia kwenye jambo lenyewe, kuhamishwa. Mwishoni mwa mwaka 1973 kuhamia vijijini kulikuwa kumeacha kuwa ombi, na mwaka 1974 oparesheni ikapita Mwanza na Shinyanga. Msukuma wa kabla ya hapo hakukaa kwenye mstari. Alikaa kwenye mji wake, wenye uzio wa minyaa, zizi katikati, makaburi ya wazee pembeni, na mashamba yamepangwa kwa aina ya udongo: luseni ya mchanga huku juu, mbuga nyeusi kule chini. Alipohamishiwa kijijini aliambiwa hakupoteza kitu, maana ardhi ni ya wote, na kule aendako kuna shule na maji. Nia ya shule na maji sitaidharau. Lakini hebu uone jinsi ile sentensi ya kitabuni ilivyofanya kazi. Kama mtu hana chake, basi hawezi kunyang'anywa. Kijiji cha kalenda kilikuja na lori, kikapakia mabati na vyungu.

KALAMU ILIYOKULA NYUMBA

Mpaka hapa mtasema, basi tatizo ni wanasiasa. Hapana. Tatizo ni kalamu, na sasa nakuja kwenye kalamu yenyewe.

Mwaka 1953 kilitoka kitabu cha Hans Cory juu ya sheria na mila za Wasukuma. Cory alikuwa Mwaustria aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni kama mtaalamu wa jamii. Alifanya kazi kubwa, alikaa na watemi na wazee wao, akauliza: mtu akifa, nani anarithi? Mke aliyelipiwa mahari, watoto ni wa nani? Na asiyelipiwa? Wazee wakajibu, akaandika. Ni kitabu kinachofaa kusomwa na kila mwandishi wa huku, kwa sababu kimejaa vitu. Lakini angalia nani aliulizwa. Wanaume, tena wazee, tena wenye ng'ombe. Waliulizwa juu ya mali yao, wakaieleza vizuri sana.

Uhuru ulipokuja, serikali ilitaka kuziweka pamoja mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, na Cory alikuwa miongoni mwa waliouanza mradi huo kabla ya kufariki. Mwaka 1963 zikatangazwa rasmi. Katika kanuni za urithi warithi wamepangwa madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, wana wengine wa kiume la pili, na mabinti la tatu, la mwisho. Na mjane? Mjane hana fungu, maadamu marehemu ana watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kilichokuwa mazungumzo ya wazee chini ya mti, mazungumzo ambayo kesho yake wangeweza kuyageuza kwa kumhurumia mjane fulani, kikawa maandishi ya serikali. Maandishi hayana huruma na hayajui majina.

Wajane wawili wa Shinyanga walikutana nayo. Waume zao walipofariki, ndugu za waume wakachukua mali, nao wakatolewa majumbani na watoto wao. Wakaenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mila ile ina ubaguzi, lakini ikakataa kuifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaiondoa rufaa yao kwa kasoro ya karatasi. Wakaipeleka Umoja wa Mataifa, kwenye kamati inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema wajane wana haki na Tanzania ibadilishe sheria. Hebu fikiria umbali huo. Jembe lililokuwa limeegemea ukuta wa nyumba ya Shinyanga lilitembea mpaka Geneva kuuliza mwenyewe ni nani.

Sisemi sheria yote imelala upande mmoja. Mwaka 1990, hapa hapa Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili. Lakini ninachotaka mkione sisi watu wa fasihi ni hiki: mara mbili mtu ameandika kijiji, na mara mbili maandishi yakawa na nguvu kuliko kijiji. Aliyeandika "ardhi ni ya wote" alimsahau mwenye mji. Aliyeandika "mila yasema hivi" alimsahau mwenye jembe. Na sisi tunaandika kijiji cha tatu, cha mwezi na kuku, tukidhani hakina madhara kwa kuwa ni hadithi tu. Kijana anayesoma hadithi yetu leo ndiye karani wa kesho, ndiye hakimu wa mwanzo, ndiye shemeji kwenye kikao cha ukoo. Tukimfundisha kwamba bibi hana chake, atakwenda kutekeleza.

TUFANYEJE SASA

Mhakiki anayesema tu "mmechemsha" halafu akaondoka hana faida. Basi nitoe rai zangu.

Kwanza, kabla hujaandika kijiji, fanya sensa yako mwenyewe. Chukua nyumba moja. Andika kila kilichomo: vyungu, kuku, plau, ng'ombe wawili wa kulimia, baiskeli, viti, miembe, kaburi. Mbele ya kila kimoja andika nani anakitumia, nani anaweza kukiuza, na nani atakichukua mwenye nyumba akifa. Utakuta majina matatu hayafanani. Pale yanapotofautiana ndipo hadithi yako ilipo.

Pili, usimwulize mzee peke yake. Mzee atakupa mila. Mwulize mke wake akiwa jikoni na mzee hayupo, atakupa kesi.

Tatu, usiogope pamba. Tuna riwaya za kahawa na za mkonge, ila pamba ya Usukuma, iliyojenga chama kikubwa cha ushirika chini ya Paul Bomani miaka ya 50, baada ya wakulima kuchoka na mizani ya wanunuzi, bado inasubiri mwandishi. Vyama vikuu vilivunjwa na serikali mwaka 1976. Nani ameandika siku ile kwa macho ya mama aliyepalilia, akachuma, akachambua, kisha pesa ikatoka kwa jina la mume aliyeandikwa kwenye kitabu? Mizani ile ya kwanza iliibia wakulima wote. Ya pili, ya nyumbani, imeendelea kuiba kimya kimya, na haina chama cha kuipinga.

Nne, na hili ndilo nalitaka kuliko yote. Kitereza ametuandikia mahari, Kezilahabi ametuandikia unyang'anyi. Sura ya mjane bado haijaandikwa kwa uzito huo huo. Kikao cha ukoo baada ya matanga, watu wamekaa kwenye viti vya kukodi, mbuzi ameshachinjwa. Shemeji anasema plau ilinunuliwa kwa pamba ya kaka yake. Ni kweli. Mjane anasema pamba ile aliipalilia yeye akiwa na mimba. Nayo ni kweli. Hakuna mwovu hapo, hakuna jini, hakuna mwezi. Kuna plau moja na ukweli mara mbili. Anayeweza kukaa kwenye kikao hicho kurasa 20 bila kumfanya shemeji kuwa shetani na mjane kuwa malaika, huyo ameshakuwa mwandishi, na mimi nitatembea kwa miguu toka Kisesa kwenda kumsoma.

Ile methali tuendelee kuitumia, ni methali nzuri. Ila tuimalizie wenyewe kwenye hadithi zetu. Mgeni akipewa jembe siku ya tatu, siku ya nne aulize ni la nani, na siku ya tano aandike.